Mama Hana Kiu

Mama alisema hana kiu, na alikuwa akisema kweli.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2025, kumi la mwanzo, mwezi Machi, wakati kaskazi imechoka na masika bado hayajafika. Anayeijua Tanga anajua joto la siku zile: hata usiku wa manane ukigusa ukuta unaukuta una moto. Mama yangu alikuwa na miaka 79. Amefunga tangu utotoni, na nyumbani kwetu Ngamiani hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia ale mchana. Kila nilipomuuliza, "Mama, kiu haikusumbui?" alinijibu, "Sina kiu mwanangu, namshukuru Mungu. Mwaka huu saumu nyepesi kabisa."

Siku ya nane, baada ya sala ya Alasiri, aliinuka kwenye mswala akaanguka. Hakuvunjika mfupa. Lakini jioni ile alianza kuweweseka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, akataka afunguliwe mlango awahi Pangani, avuke kwenda kwao Bweni kabla kivuko hakijasimama.

Kituo cha kwanza tulichompeleka hawakutumia muda mrefu. Mhudumu alimtazama, akatutazama sisi, akasema, "Ni uzee tu. Wazee ndivyo walivyo." Tukarudi nyumbani na vidonge vya vitamini.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya maneno hayo matatu: ni uzee tu. Nimeyasikia maisha yangu yote na mimi mwenyewe nimeyasema. Leo nayaogopa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha vijana wa kidato cha tatu namna mwili unavyojidhibiti: joto likipanda ngozi hutoa jasho, maji yakipungua figo huyabana, sukari ikizidi kongosho humwaga insulini. Neno la kitaalamu ni homeostasisi, na aliyelitunga miaka ya 1920 ni Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani. Mimi darasani huiita mizani ya mwili. Huchora ubaoni mizani ya dukani yenye sahani mbili, sahani zikipanda na kushuka mpaka zitulie. Katika miaka yote hiyo mwili niliouchora ulikuwa wa kijana. Sikuwahi kusimama mbele ya darasa nikauliza mizani hiyo inakuwaje kwa mtu wa miaka 79, na hakuna mwanafunzi aliyeniuliza.

Asubuhi yake tulimpeleka kwingine. Tulimkuta tabibu kijana, umri wake kama wa mwanangu wa kwanza. Alimpigia mama magoti, "Shikamoo bibi," akamlaza, akampima presha: 138 kwa 70. Nikashusha pumzi. Kisha akamsaidia kusimama, mimi nikimshika kiuno, akatazama saa yake mpaka dakika tatu zikatimia, akapima tena: 104 kwa 60. Tofauti ya namba ya juu ni 34. Akatuambia kwamba ikishuka 20 au zaidi mtu anaposimama, hilo ni jambo la kutafutiwa sababu. Joto la mwili lilikuwa 36.4. Halafu akasema, "Naomba mniletee dawa zake zote. Zote, hata zile za duka la dawa."

Tukamwaga mkoba wa mama juu ya kitanda. Kulikuwa na dawa ya presha ya aina inayokojoza, ambayo kwa sababu ya mfungo aliihamishia daku bila kumwambia mtu. Na kulikuwa na diklofenaki ya magoti, karatasi tatu, mbili zimekwisha. Hiyo alinunuliwa na sisi watoto wake, kwa mapenzi, kila alipolalamika.

Sasa nieleze kilichotokea ndani ya mwili ule, kwa sababu nikishaeleza hilo nitakuwa nimeeleza sehemu kubwa ya uzee wenyewe.

Nianze na kiu. Mwaka 1984 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha jaribio dogo ambalo nimelisoma mara nyingi tangu siku ile. Waliwachukua wanaume saba wazee wenye afya njema, wa miaka 67 hadi 75, na vijana saba wa miaka 20 hadi 31. Wote walikaa saa 24 bila maji. Damu za wazee zilionyesha ukavu waziwazi, lakini wazee hawakulalamikia kiu wala midomo kukauka kama vijana. Maji yalipowekwa mbele yao walikunywa kidogo, wala hawakurudisha kile walichopoteza. Hawa hawakuwa wagonjwa. Ndivyo ubongo unavyobadilika: ile sehemu inayoonja chumvi ya damu na kutuamsha tutafute maji hupunguza sauti yake. Mama aliponiambia hana kiu, hakuwa anajikaza kwa ajili ya dini. Alinipa habari sahihi kutoka kwenye mwili ulioacha kumpa yeye habari.

Halafu zije figo. Kijana akikosa maji, figo zake huyabana, mkojo unakuwa mchache na mzito kama chai ya rangi. Figo za mzee hazina nguvu hiyo ya kubana, na chumvi nayo huwaponyoka kirahisi zaidi. Kwa hiyo mzee aliyekauka anaweza kuendelea kukojoa kama kawaida, na aliye karibu naye akadhani mambo salama. Mama aliongezewa dawa ya kukojoza juu ya hali hiyo, alfajiri, mbele yake zikiwa saa kumi na tatu bila tone. Na diklofenaki ndiyo iliyofunga mlango wa mwisho, kwa sababu inazuia kemikali ambazo figo huzitumia kujipanulia njia ya damu wakati mwili umepungukiwa. Kijana mwenye maji ya kutosha akinywa vidonge viwili vya diklofenaki kwa siku mbili huenda asione lolote. Kwa mama ilikuwa kama kumziba pua mtu anayepumulia tundu moja.

Ongeza na hili: mzee ana maji machache tangu mwanzo. Mwili wa kijana wa kiume ni maji kwa karibu asilimia 60 ya uzito. Uzeeni hushuka kuelekea 50, na kwa wanawake chini ya hapo, kwa sababu misuli ndiyo inayohifadhi maji, na misuli hupungua huku mafuta yakichukua nafasi.

Na kuanguka je? Kila tunaposimama, zaidi ya nusu lita ya damu huteremka miguuni na tumboni. Kwenye mishipa ya shingo na ule mkubwa utokao moyoni kuna vihisio vinavyojua ukuta umelegea, na ndani ya sekunde chache moyo huongeza kasi na mishipa hujikaza, nawe wala hujui kama lolote limetokea. Mishipa ya mzee imekuwa migumu, hivyo vihisio havivutwi sana, habari inachelewa. Moyo nao hauitikii adrenalini kwa wepesi wa zamani. Siku za kawaida mama alikuwa akiinuka kwa kuchelewa kidogo, akitulia, akienda. Siku ya nane ya mfungo damu yenyewe ilikuwa imepungua, na ule muda mfupi wa kuchelewa ukatosha kumwangusha.

Kuna neno la kitaalamu, homeostenosisi, ambalo kwangu limefumbua mengi kuliko sura nzima za kitabu cha kiada. Maana yake ni kwamba njia ya mizani inasonga, inakuwa nyembamba. Mzee mwenye afya akiwa ametulia hatofautiani sana na kijana. Mapigo ya moyo akiwa ameketi ni yaleyale, sukari ya asubuhi karibu ileile, chumvi ya damu ileile. Ukimpima pale barazani utasema hana kasoro, na utakuwa umesema kweli. Kinachopungua ni akiba. Kijana amezaliwa na viungo vyenye uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya kila siku, na ziada hiyo haionekani mpaka siku ya shida: homa, joto kali, msiba, upasuaji, safari ndefu ya basi. Moyo ni mfano mzuri. Kwa kanuni ya kukadiria ya 220 kutoa umri, kijana wa miaka 20 anaweza kufika mapigo 200 kwa dakika. Wa miaka 79 ataishia 141 hivi. Wote wawili wakiketi ni 70. Nafasi kati ya 70 na kikomo ndiyo akiba, na ndiyo iliyoliwa.

Mapafu ni hivyohivyo. Baada ya ujana, pumzi tunayoweza kuisukuma nje kwa nguvu katika sekunde moja hupungua takriban mililita 25 hadi 30 kila mwaka, hata kwa asiyevuta sigara. Ini husinyaa. Tezi ya thaimasi, inayofunza askari wa kinga, huanza kugeuka mafuta tangu baada ya balehe, jambo ambalo huwashangaza sana wanafunzi wangu. Ngozi hukonda. Lenzi ya jicho hukakamaa, na mimi mwenyewe nilijua hilo nilipoanza kuzisogeza mbali daftari za wanafunzi ili nizione. Haya nayapita haraka kwa sababu yanaonekana, na watu huyapokea bila ubishi. Yasiyoonekana ndiyo yanayotuumiza.

Figo ndizo zinazojua kujificha kuliko viungo vyote. Tabibu aliagiza kipimo cha kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo. Siku ile ilikuwa juu. Wiki kadhaa baadaye ilishuka mpaka miligramu 1.0 kwa desilita, na karatasi ya maabara ikasema kawaida. Nikafurahi. Tabibu akachukua kalamu akanifanyia hesabu ambayo sasa naifanya na darasa langu. Ni kanuni ya mwaka 1976 ya Cockcroft na Gault: chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Mama, miaka 79, kilo 46: inatoka kama mililita 33 kwa dakika. Binti wa miaka 25 mwenye kilo 58, kreatinini ileile 1.0: inatoka kama 79. Karatasi mbili za maabara zinafanana kabisa, na mmoja wao uchujaji wake haufiki nusu ya mwenzake. Mzee ana misuli michache, hivyo anazalisha taka chache, na uchache huo unaficha udhaifu wa figo. Ni makadirio, na siku hizi zipo kanuni nyingine, lakini mtu akishaiona hesabu hiyo hawezi tena kumgawia mama yake dozi aliyoandikiwa jirani.

Kuhusu dawa nina mengi moyoni. Dawa nyingi hutolewa na figo au huvunjwavunjwa na ini, na vyote viwili vimepunguza mwendo. Nyingine hujificha kwenye mafuta ya mwili, ambayo yameongezeka. Diazepamu, ile ya usingizi, kwa kijana wa miaka 20 huchukua kama saa 20 nusu yake itoke mwilini. Kwa mzee wa miaka 80 ni kama saa 90. Bibi anapewa kidonge Jumatatu alale, Alhamisi bado amelewa, anajikwaa, watu wanasema akili imeanza kumtoka. Tunawapenda wazee wetu, na tunaonyesha mapenzi kwa mfuko wa dawa. Ningeomba tuonyeshe kwa kuuliza kwanza.

Halafu lile la joto la mwili. Mama alikuwa na 36.4 na sisi tukaliona kama heri. Lakini mzee anaweza kuwa na nimonia bila homa ya kutisha, kwa sababu kinga haiwashi moto kama zamani, na joto lake la kawaida mara nyingi liko chini kidogo. Maambukizi ya mkojo yanaweza kuja kama kuweweseka. Mshtuko wa moyo unaweza kuja kama uchovu na kukosa pumzi, kifua kisiume. Ugonjwa kwa mzee mara nyingi hautokezi pale ulipo; hutokeza pale penye akiba ndogo zaidi, na kwa wengi hapo ni ubongo au miguu. Na joto la nje nalo lisichukuliwe mzaha. Agosti 2003 joto kali liliipiga Ulaya, na Ufaransa peke yake walikufa watu takriban 15,000 zaidi ya kawaida, wengi wao wenye miaka 75 na zaidi. Nchi tajiri, yenye hospitali kila upande. Wengi walikuwa peke yao majumbani.

Tabibu wetu alinipa swali moja ambalo nimelishika: "Amebadilika lini?" Uzee haumwingii mtu kwa siku mbili. Unapunguza kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hata mwenyewe asijue. Mzee aliyekuwa anakujua Jumapili na Jumanne hakujui, huyo ni mgonjwa. Aliyekuwa akienda sokoni mwezi uliopita na leo hainuki kitandani, huyo ni mgonjwa. Pale kituo cha kwanza hawakuuliza swali hilo, na sisi hatukulisema, kwa kuwa na sisi tuliamini ni uzee.

Na hata yale yanayokuja polepole, si yote ya uzee. Huko Baltimore, Marekani, tangu 1958 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia watu walewale mwaka hadi mwaka wakizeeka. Uchujaji wa figo kwa wastani ulishuka, lakini karibu theluthi moja ya wale waliofuatiliwa haukushuka hata kidogo. Mwaka 1962 daktari wa masikio, Samuel Rosen, alichapisha vipimo vyake vya Wamabaan, kwenye eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Aliwakuta wazee wanaosikia vizuri mno, na presha zao hazikuwa zimepanda na umri. Walikuwa wakiishi mahali pa kimya, bila kelele za mashine.

Kuna utafiti wa karibu zaidi nasi. Ulichapishwa mwaka 1990, na uliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kutafuta kazi Nairobi. Hawakuzeeka njiani. Lakini presha zao zilipanda kuliko za waliobaki kijijini, mapema tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo. Nikisoma hayo nawakumbuka ndugu zangu wanaosema "presha ni ugonjwa wa wazee" huku wakinyunyizia chumvi mbichi kwenye chipsi. Mishipa hukakamaa kwa umri, hilo kweli, na ndiyo maana kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda wakati ile ya chini inashuka. Lakini kasi ya kukakamaa ina mkono wetu ndani yake.

Lililonipa nguvu kuliko yote ni habari ya misuli. Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na baada ya sitini kasi huongezeka. Miguu ndiyo inayoumia zaidi, na mguu dhaifu ndio unaomfanya mtu ashindwe kufika msalani peke yake. Nilidhani hapo hakuna la kufanya. Kumbe mwaka 1990, huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee kumi waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, dhaifu, wa umri wa miaka 90 hivi, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka tisini! Nilipomsomea mama alicheka, akasema hao wazungu hawana adabu, kuwabebesha wazee mizigo.

Sisi hatukubeba mizigo. Tulianza na kigoda cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, tukaona kiko chini mno, tukahamia kwenye kiti cha jikoni. Mama anakaa, ananyanyuka bila kushika kitu, anakaa tena. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Wiki za kwanza alishika ukuta. Wiki ya sita alishika kidole changu. Diklofenaki tuliiacha, dawa ya presha ilibadilishwa, na dripu aliyowekewa siku ile, polepole kwa sababu moyo wa mzee haupendi kumwagiwa maji kwa haraka, ilimrudishia akili zake ndani ya siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kwa nini sijamsuka.

Maji sasa ni ya ratiba, hatusubiri kiu. Glasi anapoamka, glasi na kila sala, na dafu jirani akipandisha mtu mnazini. Anakunywa akinung'unika kwamba tunamfanya aamke usiku kwenda msalani, na ana haki ya kunung'unika, kwa kuwa ile homoni inayozuia mkojo wa usiku nayo imepungua. Tumesogeza glasi ya mwisho iwe ya Magharibi na tukaweka taa ndogo kwenye ujia.

Kitu kigumu kilikuwa mfungo. Ramadhani iliyofuata ilipokaribia, shehe wa msikiti wetu alikuja mwenyewe nyumbani, akaketi naye barazani muda mrefu. Sikukaa nao. Nilisikia tu mama akinyamaza, halafu akiuliza, "Kibaba kimoja kila siku?" Shehe akasema ndiyo, bibi, fidia ni kibaba kimoja kila siku, na Mwenyezi Mungu ndiye aliyeiweka ruhusa hiyo. Siku mbili hakuzungumza sana. Alikuwa ameondokewa na kitu alichokishika kwa zaidi ya miaka sabini, na sikutaka kumharakisha.

Siku ya tatu aliomba gunia la mchele lisogezwe jikoni. Hakukubali nimsaidie. Alipima mwenyewe, kwa kile kibaba cha bati alichoachiwa na mama yake, kila kimoja akifuta kilichozidi kwa kiganja, akihesabu mpaka thelathini. Akafunga mfuko fundo mbili. Kisha akanyanyuka kwenye kiti bila kushika ukuta, akasimama palepale kama alivyofundishwa na yule tabibu, midomo ikicheza, akihesabu mpaka ishirini, ndipo akaenda mlangoni kumwita mjukuu wake aupeleke.